Barua ya wazi kwa Balozi wa Uingereza nchini Tanzania: Mama yangu anauliza baba yake alifia wapi

Mheshimiwa Balozi,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Tabora, na naomba radhi kwa kukuandikia hadharani. Njia ya kawaida ya barua yenye kumbukumbu namba na nakala kwa wahusika nimeipita kwa muda mrefu hadi nimechoka. Kilichonifanya niandike leo ni jibu nililolipata wiki iliyopita kutoka ofisi moja inayotunza kumbukumbu za wanajeshi wa zamani. Ofisi hiyo sitaji jina lake, kwa sababu sitaki mtumishi mmoja wa kaunta abebeshwe kosa lililoanza kabla hajazaliwa. Jibu lilikuwa fupi. Bila namba ya jeshi ya babu yangu hawawezi kutafuta chochote, na kwa hiyo ombi langu wamelifunga.

Namba ya jeshi, Mheshimiwa, ni mojawapo ya vitu nilivyokuwa nawaomba wanitafutie.

Mama yangu amevuka miaka 80. Ilinibidi nimsomee jibu lile, maana alijua limefika na alikuwa ananitazama. Alisikiliza, kisha akauliza: "Kwa hiyo wamesema hakwenda?" Nikamwambia hawajasema hivyo. Akauliza tena: "Basi wamesemaje?" Nami sikuwa na la kumjibu. Naomba wewe unisaidie kumjibu.

Babu mzaa mama alikuwa kijana wa Unyamwezi, mkulima wa mtama na karanga. Mwaka 1942 watemi walikuwa wanatakiwa kutoa vijana wa kwenda vitani, naye akachukuliwa, akimwacha bibi na ujauzito. Alipanda gari moshi hadi Mwanza, akavuka ziwa, akaenda kufunzwa Kenya. Huko hakuwekwa kwenye askari wa miguu. Aliwekwa kwenye mizinga. Tunalijua hili kwa sababu alikuwa na mwenzake aliyejua kusoma na kuandika, ndiye aliyemwandikia barua zake. Barua hizo zilisomwa nyumbani mara nyingi mno hata wasiojua kusoma wakawa wanazitamka kwa moyo. Karatasi zenyewe ziliungua pamoja na nyumba ya bibi. Maneno yalibaki.

Barua ya mwisho ilitoka Mombasa. Alisema amepata salamu kwamba binti yake ameota meno. Alisema wamerundikwa wengi, wanasubiri meli, na hakuna aliyewaambia wanapelekwa wapi. Alimwagiza mdogo wake amjengee bibi ghala jipya la nafaka kabla ya mavuno. Hapo ndipo mwisho wa habari zake.

Kulikuwa na jambo jingine. Kabla ya kuondoka Kenya, babu alikuwa amemwandikishia bibi sehemu ya mshahara wake, kama walivyofanya askari wengi, na bibi alikuwa anaifuata Boma. Siku moja, katika mwaka 1944, karani alipitisha kidole kwenye orodha akamwambia jina la mumewe halimo tena. Bibi aliuliza kwa nini. Karani alimwita mtu aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni.

Mheshimiwa Balozi, sisi ni Waislamu. Mwanamke akifiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi. Bibi yangu hakukaa eda, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba amefiwa. Hakuachwa, hakufiwa, na hakuwa na mume. Alipokuja mtu kumposa, wazee walisema wasubiri, huenda mwenyewe akarudi na wenzake, kwa kuwa meli za kutoka Burma (Myanmar ya leo) zilikuwa bado zinashusha watu Mombasa. Waliposubiri vya kutosha, mposaji alikuwa ameshaoa kwingine. Shamba la babu lilichukuliwa na ndugu zake, nao walikuwa na hoja yao: mirathi ya mtu ambaye hajafa haigawiwi, na mke wa mtu aliyepotea hana cha kudai. Mama yangu alikulia kwa wajomba.

Kisha yakaja maneno. Keya waliorudi, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), wale wazee wa makoti marefu ya jeshi ambao Tabora nzima iliwafahamu, walikuwa na hadithi nyingi za Burma na Sailoni (Sri Lanka ya leo). Mtu mmoja akasema amesikia kwamba baadhi ya askari walipata wanawake huko wakabaki. Ikatosha. Tangu hapo, mama akikosana na mtoto mwenzie kisimani aliambiwa baba yake yuko Sailoni analea watoto wengine. Ana wajukuu sasa, na bado neno hilo linamuuma. Watu huzungumzia hasara za vita kwa hesabu za waliokufa. Hii ya mtoto kuambiwa baba yake alimkimbia haimo katika hesabu yoyote.

Sasa nikueleze ninachoamini. Nasema ninaamini, kwa kuwa uthibitisho wake uko kwenye makaratasi ambayo sijaruhusiwa kuyaona.

Mapema Februari 1944 msafara wa meli za askari ulitoka Kilindini, bandari ya Mombasa, kwenda Colombo, Sailoni. Mojawapo iliitwa Khedive Ismail. Ndani yake kulikuwa na watu zaidi ya 1,500: askari, mabaharia, wauguzi wa kike, na kikosi kizima cha mizinga cha Afrika Mashariki, 301st Field Regiment. Tarehe 12 Februari, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa makombora mawili. Meli ilizama kwa muda wa kama dakika mbili. Walikufa watu 1,297. Waliobahatika kuelea majini walikutwa na jambo jingine zito: nyambizi ilikuwa imejificha chini yao, na manowari za Kiingereza, Petard na Paladin, zilipoitafuta, mabomu ya majini yalitupwa pale pale walipokuwa wanaogelea. Nyambizi ilizamishwa siku ile ile. Habari ya mkasa ule haikutangazwa wakati ule, kwa kuwa ilikuwa siri ya vita.

Askari wa mizinga. Mombasa. Meli isiyojulikana inakokwenda. Mwaka 1944. Posho iliyokatika mwaka huo huo. Mtu yeyote akiyapanga haya mezani ataona ninachokiona. Lakini sina hakika. Huenda hakuwamo kwenye meli ile. Huenda alipanda nyingine, akafika salama, akaenda na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki hadi Burma, akateremka bonde la Kabaw katika mvua za mwaka 1944, ambako malaria na homa ya vichakani (scrub typhus) vililaza watu kama risasi zilivyowalaza, na barabara ilikuwa tope linalomeza magari. Divisheni ile ilifika Kalewa mwanzoni mwa Desemba, na siku chache baadaye daraja refu likatandazwa juu ya mto Chindwin ili jeshi la Jenerali Slim, kamanda wa Waingereza huko Burma, livuke. Watanganyika walikuwamo, katika batalioni za 26 na 36 za King's African Rifles. Mizinga yao ilikuwamo. Huenda babu amelala huko.

Kama alizama baharini, jina lake linapaswa kuwa kwenye Mnara wa Afrika Mashariki katika makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, Nairobi, ambako wameandikwa watu wa Khedive Ismail. Kama alifia Burma na kaburi lake halijulikani, linapaswa kuwa kwenye Mnara wa Rangoon pale Taukkyan, wenye karibu majina 27,000. Nimetafuta kwenye orodha ya mtandaoni ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Ni kazi nzuri, na nawashukuru kwa dhati wanaoitunza. Lakini iko hivi: ukiandika jina la babu unapata watu kadhaa. Majina kama yake, la Kiislamu na la baba, yalibebwa na maelfu. Na wengi miongoni mwa askari wetu wameandikwa jina, namba, kikosi na tarehe, basi. Pale ambapo kwa askari wa Kiingereza mara nyingi unasoma mwana wa nani, mume wa nani, mwenyeji wa mji gani, kwa hawa wetu pako patupu.

Mheshimiwa, pengo hilo ndilo linalonikasirisha kuliko yote, kwa sababu habari hizo zilikuwapo. Askari aliyeandikishwa aliulizwa kabila lake, wilaya yake, mtemi wake na kijiji chake. Asingeulizwa, posho ingemfikiaje bibi yangu? Serikali ya mfalme ilimjua bibi yangu ilipo­hitaji mumewe aende. Iliijua nyumba yake, iliijua sahihi ya dole gumba lake. Baada ya mumewe kwisha ndipo ikasahau anwani.

Na jina lenyewe liliandikwaje? Hapo napo nina wasiwasi. Karani wa jeshi aliandika alivyosikia, tena huenda alikuwa Mwingereza au mtu wa kabila jingine. Babu alikuwa na jina la nyumbani la Kinyamwezi na jina la dini, na sijui jeshini alitamka lipi. Ndiyo maana namwambia kila anayenisikiliza kwamba kutafuta kwa jina tupu hakutoshi, na kutafuta kwa namba ambayo familia haikupewa kamwe hakuwezekani. Kilichobaki ni kijiji. Sisi tunajua kijiji. Tunajua mtemi. Tunajua baba yake alikuwa nani na babu yake alikuwa nani, na nyumba za majirani waliochukuliwa naye siku ile ile.

Niruhusu nikukumbushe ahadi. Mwezi Aprili 2021 Tume hiyo hiyo ya Makaburi ilitoa taarifa ya kamati yake maalumu. Ilikiri kwamba baada ya Vita vya Kwanza, watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Taarifa hiyo ilifukua barua za wakubwa wa enzi hizo. Gavana mmoja wa Afrika Magharibi aliandika kwamba mwenyeji wa kawaida asingeelewa wala kuthamini jiwe la kaburi. Tarehe 22 Aprili Waziri wa Ulinzi wa nchi yako wakati huo, Ben Wallace, alisimama bungeni akaomba radhi kwa niaba ya serikali na ya Tume, na akasema yaliyopita yatarekebishwa. Mwaka 2023 Mfalme Charles alifika makaburi ya Kariokor, Nairobi, akakutana na wazee wa Keya. Nilifurahi. Nilimwonyesha mama picha zile kwenye simu.

Naomba usinielewe vibaya. Nafahamu kwamba taarifa ile ilihusu hasa vita ya kwanza, na babu yangu ni wa vita ya pili. Lakini nikuulize kwa heshima: radhi iliyoombwa bungeni London ilimfikia nani huku? Kule Dar es Salaam mtu anapita kila siku mbele ya Sanamu ya Askari, iliyowekwa na Waingereza mwaka 1927, yenye maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza yanayosema kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Mama yangu ni mwana. Jina la baba yake analikumbuka. Ninyi je?

Kuhusu makaratasi yaliko, nimeambiwa mengi. Nimeambiwa yako Nairobi, kwa kuwa kamandi ya Afrika Mashariki ilikuwa huko. Nimeambiwa yalibebwa Uingereza. Nimeambiwa yaliachwa hapa. Mawazo yangu mwenyewe ni kwamba mengi yalipotelea katika mabadiliko ya miaka ya 1960. Batalioni ya sita ya KAR iligeuka kuwa Tanganyika Rifles tulipopata uhuru mwaka 1961. Januari 1964 askari wakaasi katika kambi ya Colito, ambayo hata jina lake lilitokana na vita vya Ethiopia walivyopigana Keya wa Tanganyika mwaka 1941, na leo tunaiita Lugalo. Jeshi lile likavunjwa, JWTZ likaundwa Septemba mwaka huo. Katika hali kama ile, nani alikumbuka kufunga vizuri majalada ya askari waliokufa miaka 20 nyuma? Huenda nimekosea. Lakini kama yalipotea hivyo, naomba niambiwe hivyo kwa maandishi, nimsomee mama, tujue mlango huo umefungwa.

Ila siamini kwamba yamepotea yote, na sababu ninayo. Hivi karibuni Tume ya Makaburi imepata majina ya maelfu ya askari wa Keya wa zamani katika kumbukumbu zilizokuwa zimehifadhiwa na jeshi la Kenya. Watu walikuwa wamekwisha kusema hazipo. Zilikuwa zimekaa tu, zinasubiri mtu wa kuzifungua. Mlipoamua kutafuta, mlipata. Kwa nini basi utafutaji huo usije huku kwetu? Kutoka Tanganyika walikwenda katika Vita vya Pili watu zaidi ya 80,000. Shajara za vita za vikosi vyao ziko kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza kule Kew, London, zimepangwa vizuri, na anayeishi London anaweza kupanda treni asubuhi akazisoma mchana. Kutoka Tabora hadi Kew ni visa, tiketi na lugha. Nimestaafu ualimu. Kiinua mgongo changu nusu kimekwenda kwenye matibabu ya macho ya mama na nusu kwenye karo za watoto. Nauli ya kwenda tu hadi Nairobi, kusoma jiwe moja, naihesabu kwa miezi, na mama hawezi tena safari ya basi.

Nimesikia kwamba wajukuu wa askari wa Kiingereza hujaza fomu wakaletewa jalada la babu yao. Nimesoma maelezo ya fomu hizo. Yanataka tarehe ya kuzaliwa. Babu alizaliwa mwaka ambao wazee waliutaja kwa njaa iliyokuwapo. Yanataka cheti cha kifo, isipokuwa kwa aliyefia jeshini, jambo ambalo ndilo ninalouliza. Cheti cha kifo, Mheshimiwa! Laiti kungekuwa na cheti cha kifo, bibi yangu angekaa eda yake akaolewa, na mama yangu angerithi shamba.

Sidai fidia. Naandika hili wazi kwa kuwa niliposimulia habari hizi ofisi fulani, kijana mmoja aliniuliza kama natafuta pesa. Ni kweli kwamba askari wa Kiafrika walilipwa kiinua mgongo kidogo kuliko wenzao weupe, na ni kweli kwamba kuna wajane waliokufa bila senti. Wenye kulidai hilo walidai, nami niko nyuma yao. Lakini mama yangu haombi pesa. Tukijua tarehe na mahali, tutamsomea babu hitima, na wale waliosema alibaki Sailoni watakaa mkekani pamoja nasi wamsomee.

Hiki ndicho ninachokuomba. Iambie Tume ya Makaburi na wizara yenu ya ulinzi watoe orodha ya askari wa Tanganyika waliokufa au kupotea nje ya nchi katika Vita vya Pili, iliyopangwa kwa wilaya walizoandikishwa, na kwa kila jina waweke kijiji na mtemi kama vilivyoandikwa siku ya kuandikishwa. Serikali yetu nayo iombwe ifungue masanduku yake ya Boma za zamani, maana orodha za posho zilipita mikononi mwa wilaya. Orodha ikitoka, ibandikwe wilayani, isomwe misikitini na makanisani. Wazee wapo ambao watayatambua majina hata yakiwa yamekosewa herufi. Wapo, lakini si kwa muda mrefu.

Kama hilo ni kubwa mno, basi nipunguze. Nipe mtu mmoja kwenye ubalozi wako ambaye familia zinaweza kumwandikia kwa Kiswahili, zikataja kijiji badala ya namba.

Na kama hata hilo ni kubwa, basi nakuomba hili moja. Mtu mmoja aichukue orodha ya kikosi cha 301 iliyopanda Khedive Ismail, na majalada ya askari hao kama yapo, atazame kama kuna askari wa mizinga aliyetoka Tabora, aliyeoa mwaka 1941 na kumwandikishia mkewe posho. Majina yake yote mawili, la nyumbani na la dini, jina la baba yake, la kijiji na la mtemi vimo kwenye maombi yangu ya awali. Hapa sikuyaweka kwa kuwa mama amekataa jina la baba yake lizungushwe hadharani kabla hatujajua alifia wapi. Nitakutumia siku ile ile utakayoniambia niyatume.

Akiwamo, niambie. Asipokuwamo, niambie pia, nami nitaanza kumtafuta Burma.

Tafadhali jibu liandikwe kwa Kiswahili. Nitamsomea mama mwenyewe, na sitaki kumtafsiria neno lolote.

Wako kwa heshima,

Mjukuu wa askari wa mizinga,
Tabora